Mkopo Ambao Hukuomba

MWENDE: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo mama mmoja wa Umoja, Nairobi, anayeuza nguo za watoto pale soko la Gikomba, ametuletea barua pepe ya mkopo aliyotumiwa. Anauliza swali moja tu: aijibu au asiijibu? Anasema karo imemkaba koo, na pesa zilizotajwa humo zingemtosha kabisa. Juma, unayo hapo?

JUMA: Ninayo. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nitaisoma kwa Kiswahili. Juu kabisa kuna nembo ya benki moja kubwa. Hatutaitaja, kwa sababu benki yenyewe haihusiki. Halafu inasema: "Mteja mpendwa, hongera. Mkopo wako wa Sh. 180,000 umeidhinishwa. Ili pesa ziingie leo, jibu barua hii ndani ya saa sita." Kisha anaambiwa atume picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Picha yake mwenyewe akiwa amekishika hicho kitambulisho karibu na uso. KRA PIN, yaani nambari ya mlipa kodi. Nambari ya simu anayotumia kwa M-PESA. Jina la mama yake mzazi. Na kiasi cha pesa alichotuma au kupokea mara ya mwisho.

MWENDE: Hebu tusimame hapo mwisho. Benki ina haja gani na muamala wako wa mwisho wa M-PESA? Benki ikitaka kujua biashara yako inaendaje, itakuomba taarifa ya miamala ya miezi kadhaa. Haiwezi kutoa mkopo kwa kujua kwamba jana ulimtumia mtu mia nne. Swali hilo ni la mtu anayejiandaa kujifanya wewe.

JUMA: Kwa kampuni ya simu.

MWENDE: Ndiyo. Anaenda kudai laini imepotea, anataka arudishiwe. Maswali ya kuthibitisha mwenye laini ndiyo hayo: jina kamili, nambari ya kitambulisho, miamala ya karibuni. Majibu yote umemwandikia wewe mwenyewe, tena kwa mpangilio mzuri. Laini ikishahamia kwenye simu yake, yako inakosa mtandao, na nambari yoyote ya OTP, ile ya siri ya kutumika mara moja, inayotumwa na benki inaingia kwake.

JUMA: Na hapa Kenya laini ndiyo mlango wa mikopo. Angalia mikopo ya M-PESA: M-Shwari ilianza 2012, Fuliza ikaja 2019, na zote zinategemea laini yako na PIN yako ya M-PESA. Huendi ofisini kuweka sahihi. Aliyeshika laini na PIN anaweza kukopa, pesa akatoa, deni likabaki na jina lako. Unakuja kujua siku umeenda kuomba mkopo halali ukaambiwa umeorodheshwa CRB, kwenye kampuni zinazoweka rekodi za madeni ya watu.

MWENDE: Ndiyo maana nashikilia kwamba hii barua ni mbaya kuliko ile tuliyoizoea, ya "tuma Sh. 500 ya kushughulikia mkopo". Ile ya mia tano watu wengi sasa wanaijua. Mkopeshaji anayetaka umlipe kabla hajakukopesha, Wakenya tumeshamshtukia. Hii haiombi hata senti. Ndiyo inamfanya mtu aseme, kwani nitapoteza nini?

JUMA: Mimi mwenyewe nilipoiona mara ya kwanza nilijiuliza, kwani mapato yao yako wapi?

MWENDE: Yako kwenye ile picha. Kitambulisho pande mbili, pamoja na uso wako. Ukiangalia programu nyingi za mikopo, usajili wake unataka vitu hivyo hivyo. Mia tano ikienda imeenda, utaumia wiki moja. Nambari ya kitambulisho huwezi kuibadilisha. Utakuwa nayo hadi kufa.

JUMA: Sasa nikubishie kidogo. Kuna wakopeshaji halali wanaotuma barua pepe na jumbe. Kuna watu wa Sacco wanaotumiwa fomu kwa barua pepe na hakuna ubaya wowote. Mtu wa biashara ndogo hawezi kufuta kila kitu kinachotaja mkopo.

MWENDE: Sikatai. Lakini angalia huyu mama aliomba mkopo kwa nani. Hakuomba popote. Mkopo hauidhinishwi kwanza halafu ndio uombwe. Kama kweli ana shaka, afunge hiyo barua aende kwenye tawi, au apige nambari iliyo nyuma ya kadi yake ya benki. Ile nambari iliyoandikwa ndani ya barua asiipige hata kidogo, kwa sababu atakayeipokea ni walewale. Watamjibu kwa upole, watamweka kwenye muziki asubiri, na mwishowe watamwambia ndiyo, barua ni yetu.

JUMA: Na kuna alama mbili za kuangalia kwenye barua yenyewe ambazo mtu anaweza kuziona hata kwa simu ndogo. Ya kwanza ni anwani ya aliyetuma. Juu pameandikwa jina la benki, lakini ukiligusa hilo jina, anwani kamili inafunguka. Hii ya mama wa Umoja, baada ya ile alama ya @ ni gmail.com. Benki haitumi barua ya mkopo kutoka Gmail.

MWENDE: Na kiungo?

JUMA: Kiko chini, kimeandikwa "Kubali Mkopo". Usikibonyeze. Kishikilie kwa kidole bila kuachia, simu itakuonyesha kinakokwenda. Hapo watu hudanganyika kwa sababu jina la benki lipo, tena liko mwanzoni. Tafuta mkwaju, alama hii /, wa kwanza unaokuja baada ya jina la tovuti, halafu usome kurudi nyuma. Maneno yanayotangulia ule mkwaju ndiyo yanayokuambia tovuti ni ya nani.  Jina la benki likiwa mwanzo na mwisho wake ni kitu kingine usichokijua, hapo si kwa benki.

MWENDE: Pia kuna orodha ya Benki Kuu. Tangu kanuni za 2022, wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni, na kumi wa kwanza waliipata Septemba mwaka huo. Orodha iko kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya, mtu yeyote anaweza kuisoma. Lakini muwe makini: jina kuwa kwenye orodha halimaanishi kwamba barua uliyonayo imetoka kwa mwenye jina. Matapeli wanachagua majina yenye leseni makusudi.

JUMA: Walifanya hivyo hata kwa Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali. Ilipozinduliwa Novemba 2022, njia yake ilikuwa *254# na programu rasmi. Zikazuka kurasa zinazoomba watu wajaze kitambulisho na PIN ili "wapandishiwe" kiwango. Watu wakajaza.

MWENDE: Sasa turudi kwenye swali lake. Ajibu?

JUMA: Kuna wanaosema, mjibu umtukane, umpotezee muda. Mwenzangu mmoja anafanya hivyo na anafurahia kweli.

MWENDE: Na mimi namwomba aache. Barua kama hizi zinatumwa kwa anwani nyingi kwa mkupuo, na nyingine ni za zamani, hazitumiki. Ukijibu, hata kwa tusi, umemwambia anwani hii iko hai na kuna mtu anasoma. Wengine huweka jina, kazi na nambari ya simu chini ya kila barua wanayotuma, kwa hiyo hata tusi linaenda na nambari ya simu. Kwa huyu mama hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu akijibu atajieleza. Ataandika, "Asanteni, nahitaji hizi pesa kabla ya Jumatatu, mtoto amerudishwa nyumbani." Tapeli akishajua una shida gani na siku gani, atakupigia Jumapili jioni.

JUMA: Kwa hiyo jibu ni hapana.

MWENDE: Hapana. Hata neno moja asiandike. Aiweke alama ya barua taka, ila asiifute kwanza, anaweza kuihitaji kama ushahidi.

JUMA: Na aliyekwisha kutuma? Maana najua kuna mtu anatusikiliza sasa hivi na tumbo limemkata.

MWENDE: Huyo ndiye ninayemjali zaidi leo. Ndugu yangu, usikae na aibu mpaka kesho. Aibu ndiyo inayowapa hawa watu muda. Anza na laini. Kama uko Safaricom, piga *100*100#, inazuia laini yako isibadilishwe na wakala mtu akijifanya ni wewe. Halafu piga *106#, uone nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta moja usiyoijua, iripoti.

JUMA: Na ubadilishe PIN ya M-PESA, ya benki, na nywila ya barua pepe. Ya barua pepe watu huisahau, na ndiyo inayotumika kurejesha nywila nyingine zote. Mtu akikupigia akidai ni Safaricom, angalia nambari. Wao hukupigia kwa 0722 000 000 pekee. Ujumbe wa kitapeli utume kwa 333, ni bure.

MWENDE: Halafu CRB. Zilizopewa leseni na Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka, kwa hiyo ichukue. Isome mstari kwa mstari. Ukiona mkopo usioujua, andika pingamizi kwa CRB na kwa aliyekopesha, uambatishe nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio, kutoka kituo cha polisi. Bila OB utazungushwa sana.

JUMA: Kule kituoni wengine huambiwa, "Kwani umepoteza pesa ngapi?" Ukisema hujapoteza, unaonekana unawapotezea muda.

MWENDE: Usitoke bila OB. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 30, inasema kutuma ujumbe wa kumshawishi mtu atoe taarifa zake kwa nia isiyo halali ni kosa. Kosa limetimia hata kama hujapoteza shilingi. Adhabu ni faini isiyozidi Sh. 300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa maoni yangu ni adhabu ndogo mno kwa mtu anayewaibia kina mama wa soko majina yao, lakini ipo. Laini ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ni 0800 722 203, hailipiwi.

JUMA: Na kama ni mkopeshaji halali anayekudai deni ambalo hukuchukua, au anapigia jamaa zako simu?

MWENDE: Hiyo ipeleke kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wanachukua hatua. Mwaka 2023 walitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh. 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ambao hata hawakuwa wateja wake.

JUMA: Mama wa Umoja ametuandikia tena tukiwa hapa. Anauliza, kitambulisho hajatuma, ila jana alijaza jina na nambari ya simu kwenye kile kiungo. Imekwisha?

MWENDE: Haijaisha, mama. Bado hawana picha wala PIN. Piga *100*100# sasa hivi, kabla hujafanya kitu kingine. Leo au kesho utapigiwa na mtu anayejua jina lako vizuri, atakuomba "umalizie maombi". Kata simu. Na kuhusu karo, nenda shuleni ukaongee na mwalimu mkuu au bursa kabla ya Jumatatu, uombe kulipa kidogo kidogo. Tuandikie walivyokujibu.