Tangi la maji chumvi Kampala: uagize onlaini ama uende dukani?

HADIJA: Haya karibuni tena jamani, niko na Wafula kama kawaida, na leo ni vitu vya tangi la samaki wa maji chumvi, wale wa baharini, manake meseji zimejaa kwenye simu. Pampu ninunue wapi, chumvi niagize wapi, mbona dukani bei iko juu hivo.

WAFULA: Na iko juu kweli dada, tusidanganyane. Unaona pampu kwenye intaneti dola 40, ukienda dukani hapa mjini unatajiwa bei mpaka unauliza kama wameweka na samaki ndani.

HADIJA: [anacheka] Sawa, lakini dola 40 ni bei ya huko iliko. Hebu ifikishe Entebbe kwanza. Kuna nauli ya mzigo na bima, kuna ushuru wa forodha, halafu VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, inakaa juu, hata ule ushuru nao unatozwa. Kwa hiyo mzigo ukiwa mzito, nauli peke yake inakumaliza.

WAFULA: Hapo ndo watu wanaumia. Unapigiwa simu na ejenti wa kliaringi, unaanza kutafuta pa kukaa.

HADIJA: Ndo maana chumvi mimi siwezi kuiagiza kwa ndege. Piga hesabu: maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita moja. Tangi la lita 200 linataka kilo 7 na ushee, hapo ni kuanza tu. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, hiyo ni lita 20, karibu robo tatu ya kilo, mwaka ukiisha unakaribia kilo 40. Nani analipia ndege kilo 40 za chumvi?

WAFULA: Sa ngoja, hili swali linakuja kila mara na mimi mwenyewe nalipenda. Sisi Uganda tuko na Katwe. Ziwa zima la chumvi, kule upande wa Kasese, watu wanavuna pale tangu enzi za mababu. Si ninunue gunia tu niweke kwa tangi?

HADIJA: Kaka wee, utaua. Lile ziwa liko kwenye shimo la volkano, chumvi yake ina magadi na salfeti nyingi, mchanganyiko wake na wa bahari havifanani kabisa. Samaki wa bahari, na hasa matumbawe, anataka kalsiamu kama miligramu 400 kwa lita, magnesiamu kama 1,300, na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, inayocheza 8.1 mpaka 8.3 hivi. Ukitia magadi pH inaruka juu. Chumvi ya kupikia ya paketi nayo imetiwa iodini na hiyo kalsiamu haina. Ya Katwe tuwaachie ng'ombe na sufuria.

WAFULA: Basi chumvi ni dukani.

HADIJA: Dukani, mradi mwenye duka analeta kwa meli kupitia Mombasa, ama mjikusanye watu watatu wanne mlete pamoja. Na ukifika dukani ndoo usiichukue hivihivi. Ishike, itikise. Ukisikia ndani inatembea kama mchanga, lipa. Ikiwa imekauka donge moja kama jiwe, hiyo imekunywa unyevu, hata ukiiponda haitayeyuka sawasawa, utabaki na ukungu mweupe kwenye maji na vipimo havikai. Waachie.

WAFULA: Haya sa nije kwangu, vitu vya umeme, manake mimi ni mtu wa kuagiza na sioni haya. Lakini kabla hujalipa, omba picha ya ile lebo ndogo nyuma ya mashine. Marekani wanatumia volti 120 na hezi 60, sisi huku 240 na hezi 50. Hita ya volti 120 ukiichomeka kwenye 240 inakula nguvu mara nne, yaani inapasuka ama inakupikia samaki. Halafu mtu anasema nitanunua transfoma. Sawa, transfoma inashusha volti, lakini hezi haigusi. Pampu ya kawaida ya AC iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiiweka kwenye 50 inazunguka polepole, na maji uliyoahidiwa kwa saa huyapati. Tafuta ile ya DC, yenye adapta imeandikwa 100 mpaka 240. Hiyo agiza, lala.

HADIJA: Na ikiharibika?

WAFULA: Hapo umenishika. Mara nyingi kinachoharibika ni kile kipangaboi cha ndani chenye sumaku, kidogo tu, lakini kukiagiza peke yake nauli inazidi bei. Mimi naagiza viwili siku ileile ninayoagiza pampu. Wengine wanaenda kumuuliza mwenye duka ambaye hawakununua kwake, na jamaa anawaangalia tu.

HADIJA: Ana haki! Unaenda unasimama saa nzima, unamuuliza hii skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, inafaa tangi la lita ngapi, anakufundisha, anakufungulia boksi, halafu unapiga picha ya jina la modeli unaenda kuagiza onlaini. Mi naona si uungwana. Kama umechukua elimu yake, nunua hata chakula cha samaki basi.

WAFULA: Chakula nitanunua, lakini dada lazima ukubali, duka nyingi hapa ni za samaki wa maji baridi. Goldifishi, gapi, hao. Refraktomita, kile cha kupimia chumvi ya maji, hawana, vipimo vya kalsiamu na alkalini hawana, ama viko na vimepitwa na wakati.

HADIJA: Hiyo nakubali mia kwa mia. Vichupa vya kupimia agiza, vyepesi, nauli kidogo, lakini mwambie muuzaji akutumie picha ya tarehe iliyo kwenye chupa, siyo ile ya kwenye boksi. Kipimo kilichoisha muda kinakwambia amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, ni sifuri na samaki anakufa mbele yako.

WAFULA: Samaki wenyewe je? Wewe mtu wa Mombasa hapa una maneno.

HADIJA: Samaki namtaka nimwone kwa macho. Pwani ya Kenya wanavua na kuuza nje samaki wa mapambo miaka mingi, kina kitatange, kangaja, kwa hiyo hatuko mbali sana, lakini Mombasa mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, na samaki akiwa kwenye mfuko anapopumua anatoa kaboni daioksidi, pH ya maji yake inashuka, na ikishuka ile amonia yake inapungua ukali. Sasa wewe ukipokea mfuko ukaufungua ukaacha wazi muda mrefu, gesi inatoka, pH inapanda, amonia inarudi kuwa sumu hapohapo. Watu wanasema samaki kafia njiani, kumbe kafia sebuleni. Halafu Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanashika oksijeni kidogo kuliko Mombasa, kwa hiyo weka hewa ya kutosha.

WAFULA: Na dukani?

HADIJA: Dukani namwambia muuzaji, ssebo, mpe chakula nione. Sitaki maneno. Samaki akikimbilia chakula, mashavu hayapigi harakaharaka, mwilini hana vitone vyeupe, namuuliza amekaa hapa wiki ngapi. Akisema ameshuka jana, naacha hela ya kumshikia tu narudi baadaye. Pale ndo ile bei ya juu naiona ina maana, manake yule amelisha, amepoteza wengine, mimi napata aliyebaki. Picha ya kwenye simu haili.

WAFULA: Ya mwisho, kuna kijana wa Mbarara. Amepata mtu kwenye intaneti anamuuzia matumbawe kutoka nje ya nchi, anasema anatuma moja kwa moja mpaka mlangoni.

HADIJA: Matumbawe magumu yako kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, Kiambatisho cha II. Lazima kiwepo kibali cha huko yanakotoka, na wanyama hai wakiingia huku Wizara ya Kilimo nayo ina vibali vyake. Amuulize huyo muuzaji karatasi.

WAFULA: Alishamuuliza. Kajibiwa asijali, mzigo utaandikwa ni mapambo ya plastiki.

HADIJA: Ala! Na hela ametuma?

WAFULA: Bado, anataka kutuma jioni kwa mobail mani.

HADIJA: Mpigie sasa hivi, kabla hatujazima hizi maiki.