Mjomba Kaniuliza: Kura Yako Imewahi Kukuuliza Nini?

Assalaam aleikum jamani, hamjambo? Leo hamnioni na koti zito wala theluji dirishani. Niko nyumbani Mombasa, Mji wa Kale, juu darini kwa marehemu bibi yangu, na mkisikia vikombe vinagongana ni muuza kahawa anapita huko chini. Sitakata sauti yake, mwacheni apite.

Video hii sikuipanga. Imetoka barazani jana usiku. Mjomba wangu, fundi wa breki za malori pale Changamwe karibu na bandari, alikuwa amekaa na kikoi chake na kahawa chungu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naringa kidogo. Nikasema kule Uswisi ninakoishi, wananchi hupiga kura mara nne kwa mwaka. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mimi nimepiga kura tangu ndevu hazijanijaa. Hebu niambie, kura yangu imewahi kuniuliza nini?"

Nikanyamaza.

"Huniuliza nani. Nani awe rais, nani gavana, nani mbunge. Nini? Hata siku moja."

Halafu akaleta mambo ya bandarini, na mkimjua mtu wa Changamwe mtajua hapo hakatiziki. Mwaka 2019 ilitoka amri makontena yapande reli ya SGR hadi Nairobi. Malori yakalala. Gereji zikalala, mama wa chapati akakunja meza, vibanda vya chai kutoka Changamwe mpaka Miritini vikabaki na nzi. Watu wakawa wanaandamana kila Jumatatu, mpaka Oktoba amri ikasitishwa. Septemba 2022 Rais Ruto akaapishwa, na siku hiyohiyo akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Watu wetu walifurahi. Mjomba alifurahi pia, lakini nisikilizeni alivyolisema: "Iliondoka kwa neno la mtu, ikarudi kwa neno la mtu. Mimi hapo katikati nimeshika spana tu."

Basi nimelala nalo.

Kwa wageni wa chaneli hii, mimi huko Bern nafanya kazi ya kutunza wazee. Kuna ajuza mmoja wa miaka themanini na kitu, namwita Bi Mkubwa, na ameshalizoea jina. Kila baada ya miezi michache huletewa bahasha na posta. Ndani mna kadi ya kutia saini, karatasi za kura, na kijitabu chekundu cha serikali kinachoeleza kila swali. Karatasi ya kura yenyewe haina picha ya mtu wala alama ya chama. Ina swali na kisanduku kitupu, na wewe unaandika kwa mkono wako ndiyo au hapana. Kwa Kijerumani chao, Ja au Nein.

Machi 2024 swali lilikuwa, je, wazee walipwe pensheni ya mwezi wa 13 kila mwaka? Serikali na bunge waliwaambia wananchi kataeni, fedha hazitatosha. Bi Mkubwa akavaa miwani, akaandika "Ja" polepole kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, mkono ukitetemeka. Asilimia 58 wakaandika kama yeye, na ikapita! Tena swali lenyewe halikuandikwa na serikali. Lililetwa na vyama vya wafanyakazi, maana huko ukikusanya saini 100,000 ndani ya miezi 18, swali lako linakwenda kwa nchi nzima.

Msidhani nawapigia debe. Bi Mkubwa huyo alipiga kura ya kitaifa ya kwanza akiwa mtu mzima wa thelathini na kitu, kwa sababu wanaume wa Uswisi hawakukubali wanawake wapige kura mpaka 1971. Nikamwambia wanawake wa Kenya walipiga 1963. Alicheka mpaka akakohoa. Na mimi huko sina kura, ni mgeni, na wageni ni zaidi ya mmoja katika kila wakazi wanne. Kwa Kenya nako, 2022 vituo vya ughaibuni viliwekwa nchi 12, Uswisi haimo, na hao waliopata walichagua rais tu. Kwa hiyo anayewahutubia leo kuhusu kura ni mtu ambaye hajawekewa sanduku popote. Nivumilieni hivyohivyo.

Linaloniuma zaidi ni bei ya hapana. Kule bunge likipitisha sheria na watu hawaitaki, wanatafuta saini 50,000 ndani ya siku 100, na sheria inapelekwa kwenye kura. Sisi, Muswada wa Fedha wa 2024, ule wa kuongeza kodi, mnakumbuka. Tarehe 25 Juni vijana wakaingia bungeni, kesho yake rais akakataa kuutia saini. Hata hapa Mombasa walitoka. Hapana yetu ilisikika, lakini kuna nyumba zilizika watoto. Bi Mkubwa hapana yake humgharimu wino.

Mtaniambia kwenye maoni, lakini Katiba ya 2010 ibara ya kwanza inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kweli kabisa. Na ibara ya 257 inaruhusu raia kutaka kuibadilisha Katiba wakipata saini milioni moja. Tumejaribu. Punguza Mizigo ya 2019 ilifikisha saini zaidi ya milioni, ikitaka wabunge 416 wapunguzwe wawe 147, ikaenda kufia kwenye mabunge ya kaunti. Yaani mlo wa wanasiasa ulipelekwa kwa wanasiasa waamue kama upunguzwe! Ikaja BBI, mpango mwingine wa kubadilisha Katiba, ulioanza na salamu ya mikono ya wakubwa wawili, Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga, mwaka 2018, nao ukavishwa kanzu ya wananchi kwa saini. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya raia. Kalamu ipo, jamani. Ila ukiishika, unakuta kuna mkono mwingine juu ya mkono wako.

Ngojeni kidogo. Adhana.

Haya. Mmeuona ule mnara mweupe pale nyuma yangu, mnene chini, unachongoka juu? Huo ni Msikiti wa Mandhry, wa karne na karne. Nimekua nikiuona kila nikianika nguo hapa juu. Sasa sikieni. Tarehe 29 Novemba 2009, kwa utaratibu uleule wa saini na bahasha niliousifu sasa hivi, Waswisi waliulizwa kama minara ya misikiti ipigwe marufuku. Asilimia 57.5 wakasema ndiyo. Nchi nzima ilikuwa na minara minne. Minne! Mji wa Kale ukitembea kununua viazi karai unapita mingi kuliko hiyo. Na kura haikuibwa, hakuna aliyehongwa unga. Wananchi walikuwa na mamlaka kweli, wakayatumia.

Siku moja nikimsuka Bi Mkubwa nilimuuliza alipiga kura gani mwaka ule. Akasema amesahau. Sikumwamini, wala sikumuuliza tena, nikamalizia nywele.

Kwa hiyo nikisikia demokrasia inampa mtu wa kawaida nguvu, sasa nauliza mtu gani. Mmoja wa wengi, huenda, kama yeye ndiye aliyeandika swali. Ukiwa mmoja wa wachache ni lazima uwe na mlango mwingine. Angalieni mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, Mikindani, watu kama 3,000 tu. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaingizia watoto madini ya risasi damuni. Kura zao hazimtishi mgombea yeyote. Wakiongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido walikwenda mahakamani na swali lao wenyewe. Julai 2020 wakapewa shilingi bilioni 1.3, 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hukumu na pesa mkononi ni vitu viwili, hilo watu wa pwani hatufundishwi. Lakini kura gani ingewafikisha hapo?

Nisiwachoshe, nimalizie kwa Mjomba. Wiki jana nilikwenda kikao cha kutoa maoni ya bajeti, sitasema ni cha nani. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kinene kama daftari la wadeni, nakala moja mezani kwa ukumbi mzima. Tukapewa dakika mbili mbili za kuchangia, na soda. Nikapiga picha ukurasa wenye mtaro wa mtaa wetu, ule unaofurika mpaka vibarazani mvua ya masika ikija. Mtaro mzima una mstari mmoja: maneno matatu na tarakimu.

Jana baada ya ubishi wetu nikamchapishia Mjomba ukurasa ule kwenye karatasi. Leo asubuhi nimeamshwa na mlango unagongwa. Amekesha nao. Amepata kwa jirani bajeti ya mwaka juzi, na mtaro uleule umo, maneno yaleyale matatu, tarakimu imenenepa. Nyuma ya karatasi ameandika kwa penseli ya fundi: "Pesa za mwaka juzi zilichimba mtaro gani?" Chini yake majina ya majirani, 19, na namba za nyumba.

Akanipa penseli. Nikamwambia Mjomba, mimi hata si mpiga kura wa hapa.

"Wewe andika jina," akasema. "Kura utaitafuta baadaye."