Mnaniuliza kama Wachina wanakula mbwa: leo najibu, na nawaonyesha mkeka

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Leo sijawasha ile taa ya duara wala sijatandika kitanda huko nyuma. Mnanikuta hivi hivi, udongo bado uko kwenye kucha, kwa sababu asubuhi nilikuwa kijijini, chini ya milima ya Qinling, kusini mwa huu mji wetu wa Xi'an. Nilikwenda kumzika mbwa.

Mbwa mwenyewe mnamjua. Ni yule mdogo wa rangi ya mchanga aliyekuwa anapita nyuma yangu kila nikirekodi pale kwenye ngazi. Xiao Huang, yaani Njano Mdogo. Alikuwa wa jirani yangu wa ghorofa ya nne, mama mmoja mwalimu mstaafu. Mimi namwita Ayi. Kwa Kichina ayi ni dada yake mama, kwa hiyo ni mama mdogo, na kwa miaka hii minne amekuwa mama mdogo kwangu kweli. Nilipolazwa na homa ile baridi ya kwanza, yeye ndiye aliyenipikia uji wa mtama. Xiao Huang aliishi miaka kumi na mitano. Mwaka wa mwisho alikuwa haoni, na miguu ya nyuma ilikuwa haina nguvu tena. Ayi akawa anamweka kwenye kikapu chake cha sokoni, anashuka naye ngazi zote mara mbili kwa siku ili akajisaidie nje, halafu anapanda naye tena. Mama wa miaka sabini na mbili.

Sasa kila nikipandisha video humu, hata iwe ya mapishi, swali ni lile lile: "Dada, eti huko wanakula mbwa?" Na vile vikatuni vya kucheka chini yake. Sijawahi kulijibu, kwa sababu naona mkiuliza mnakuwa mmeshajijibu. Leo nitajibu. Nivumilieni tu, jibu lenyewe linaanzia mbali.

Ndiyo, walikula, na wapo wanaokula mpaka leo. Zamani mbwa alihesabiwa katika mifugo sita ya nyumbani: farasi, ng'ombe, kondoo, nguruwe, mbwa na kuku. Nyama yake iliuzwa kama nyama nyingine. Fan Kuai, mmoja wa majenerali wa Liu Bang, yule aliyeanzisha dola ya Han, alikuwa mchinja mbwa huko Pei kabla vita haijamwinua. Akaja kuwa shemeji wa mfalme, na waandishi wa historia waliiandika kazi yake ya zamani waziwazi. Ila karne zilivyokwenda, ulaji huo ulipungua sana. Mwaka 2020 wizara ya kilimo ya hapa ilimtoa mbwa kwenye orodha ya mifugo, ikasema ni mnyama wa kuishi na binadamu, na mji wa Shenzhen ukapiga marufuku kabisa kula nyama yake kuanzia tarehe 1 Mei mwaka huo. Huko kusini, Yulin, bado kila Juni kuna watu wanakusanyika kuila, na Wachina wenzao ndio wanaokwenda kufunga njia kuyazuia malori ya mbwa. Ayi hajawahi kuionja maishani mwake, na nilipomuuliza siku ya kwanza aliniangalia kama vile nimemuuliza kama anakula mjukuu wake.

Hilo ndilo jibu mlilolitaka. Lakini mimi nina jingine la kuwaambia.

Msimu wa majani kupukutika Ayi alinipeleka Yangling, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Ni kaburi la mfalme Jing wa Han, aliyefariki mwaka 141 KK. Unashuka chini ya ardhi, unavalishwa mifuko ya plastiki juu ya viatu, unatembea juu ya sakafu ya kioo, na chini ya miguu yako yako mashimo aliyozikiwa mali yake. Humo nikawaona. Mbwa wa udongo uliochomwa, wadogo, wamepangwa safu kwa safu, mikia juu, masikio wima, pembeni kuna safu za mbuzi na nguruwe. Nilipiga magoti nikaweka uso karibu na kioo. Yule aliyewafinyanga alikuwa anamjua mbwa. Wana ile namna ya kusimama ya mbwa anayengoja kuitwa.

Nikamwambia Ayi ni wazuri. Akasema ni wazuri kwa sababu ni wa udongo, maana zamani kuliko hapo walikuwa wa kweli. Wafalme wa Shang, dola ya kale zaidi kuliko Han, huko Anyang, walichimba shimo dogo sakafuni mwa kaburi, usawa wa kiuno cha maiti, wakamweka humo mbwa, kisha jeneza likakaa juu yake. Mwaka 1976 lilifunguliwa kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, mwanamke aliyeongoza majeshi. Alizikwa miaka ya 1200 KK hivi. Ndani kulikuwa na vyombo vya shaba zaidi ya mia nne, vito vya jade zaidi ya mia saba, watu kumi na sita waliouawa wamsindikize, na mbwa sita. Na wale mbwa wa mashimoni wa zama hizo, wataalamu walipopima mifupa yao, wengi wakakuta ni watoto, hawajatimiza mwaka. Baadhi walikuwa na kengele ndogo ya shaba shingoni. Mimi kengele ile ndiyo inayoniumiza. Mtu alimfunga kengele, akamsikia akikimbia huku na huku, halafu siku ikafika.

Kutoka Yangling mpaka Xianyang si mbali, na Xianyang ndiko alikouawa Li Si, waziri mkuu wa mfalme wa kwanza wa China yote. Huyu ndiye aliyesimamia maandishi ya nchi nzima yawe ya namna moja. Mwaka 208 KK mahasimu wake walimshinda, akahukumiwa kukatwa vipande viwili kiunoni, sokoni, mbele ya watu. Sima Qian, mwandishi wa historia wa zama za Han, ameandika kwamba alipokuwa anatolewa gerezani na mwanawe wa pili, alimgeukia akamwambia angetamani watoke tena wawili na yule mbwa wao wa njano, wapite lango la mashariki la mji wao wa Shangcai, wakawinde sungura, lakini hiyo itawezekanaje tena? Wakalia, baba na mwana. Fikiria mtu aliyeshika dola nzima mkononi. Dakika ile ya mwisho hakutaja ikulu wala cheo.

Na Ayi alimwita mbwa wake Njano. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya Li Si, akasema hapana, ni kwa sababu alikuwa wa njano.

Sasa wafalme wenyewe. Kuna Ling wa Han, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anauza vyeo vya serikali kwa bei inayojulikana, na pale kwenye bustani yake ya magharibi, Luoyang, alikuwa anawavisha mbwa kofia na mishipi ya maofisa wake. Wananchi walimwasi mwaka 184. Kuna Huizong wa dola ya Song, iliyokuja karne nyingi baadaye, mchoraji hodari, aliyezaliwa mwaka wa mbwa, 1082. Ofisa mmoja akamwendea akamwambia ni mkosi watu kuchinja mbwa wakati mfalme amezaliwa mwaka wa mbwa, akapiga marufuku nchi nzima na akatoa zawadi ya sarafu elfu ishirini kwa atakayemripoti mchinjaji. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha kifalme akasema mbele za watu: baba yake mfalme alizaliwa mwaka wa panya, mbona hatukusikia amepiga marufuku kufuga paka? Mkitazama vizuri, hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyekuwa anamwona mbwa. Mmoja alimtumia kudharau watu, mwingine alijiona yeye mwenyewe ndani yake.

Nilichotaka hasa kuwasimulia ni hiki. Ayi alinisimulia jikoni akiwa anakanda unga wa tambi, na ninakumbuka alikuwa anapiga unga mezani kila akifika kwenye jina la mtu.

Zamani, China ikiwa bado nchi nyingi nyingi, kulikuwa na mtawala Jing wa Qi, si yule Jing wa kaburini, sehemu ambayo leo ni jimbo la Shandong. Mbwa wake wa kuwindia akafa. Akaagiza achongewe jeneza na afanyiwe tambiko. Waziri wake Yan Ying akaja kumzuia. Mtawala akasema jambo lenyewe dogo, tunachangamka tu na watu wangu. Yan Ying akamjibu kwamba amekosea: unawatoza watu kodi nzito na hazirudi kwao, yatima na wazee wanakufa kwa baridi na njaa, na mbwa aliyekufa anapata tambiko, wajane hawana wa kuwatazama, na mbwa aliyekufa anapata jeneza. Wananchi wakisikia watakuchukia, na watawala wenzako wakisikia wataidharau nchi yetu. Mtawala akakubali. Akaita wapishi, mbwa akapikwa, maofisa wakakaribishwa.

Niliposikia nilimshangilia Yan Ying. Ayi akaacha kukanda, akasema subiri.

Akasema miaka hiyo hiyo, nchi ya jirani ya Lu, Confucius, yule mwalimu mkuu wa hekima wa Wachina, naye alifiwa na mbwa wake wa nyumbani. Akamwita mwanafunzi wake Zigong akamzike. Akamwambia: nimesikia kwamba pazia lililochakaa halitupwi, linawekwa la kumzikia farasi, na turubai la gari lililochakaa halitupwi, linawekwa la kumzikia mbwa. Mimi ni maskini, gari lenye turubai sina. Basi mpe mkeka, kichwa chake kisizame kwenye matope.

Ndugu zangu, nilikaa kimya. Mbele yangu kulikuwa na jeneza, na chungu, na mkeka. Yule mwenye nchi nzima hakuwa na njia ya katikati. Amzike mbwa kama mfalme, au amle. Na huyu maskini hakuchukua chakula cha yatima wala cha mjane. Alichukua kitu kilichochakaa ambacho kipo kila nyumba, akakitandika chini ya kichwa. Mimi nimetoka Tanga, najua mkeka ni nini. Najua nani hulazwa juu yake. Najua pia kwetu mbwa haingii ndani, na madrasa tulifundishwa sababu. Lakini mwalimu yule yule alitufundisha habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe madhambi yake. Tulihifadhi habari zote mbili, tukazitumia moja tu.

Usiku wa kuamkia jana Xiao Huang alikufa. Ayi aligonga mlango saa kumi na moja alfajiri, hakulia, akaniuliza tu kama nina mkasi mkubwa. Alikuwa ameshusha juu ya kabati mkeka wake wa mianzi, ule wa kulalia wakati wa joto, wa zamani, umefanya rangi ya chai, kona moja imefumuka. Tukaukata katikati. Nusu moja tukamviringishia. Kaka yake Ayi akaja na gari tukaenda kijijini, nyuma ya nyumba yao, chini ya mti wa shizi, yale matunda ya rangi ya chungwa niliyowaonyesha mwaka jana. Udongo ulikuwa mgumu kwa baridi, tukapokezana jembe. Alipomshusha, Ayi aliingiza mkono, akaikunja ile kona iliyofumuka, akaisukuma chini ya kichwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bobi. Baba alikuwa na shamba Muheza, mahindi na machungwa, na Bobi ndiye aliyekuwa anawafukuza nyani. Miaka saba, usiku na mchana, kwa ugali uliobaki na dagaa wasiofaa. Aligongwa na lori barabarani nikiwa na miaka tisa. Kaka alimfunga kamba mguuni, akamburuta mpaka jalalani, na mimi nilitembea nyuma nikiangalia mstari aliouacha kwenye vumbi. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya pale. Baba alikuwa mtu wa huruma, na kaka yangu mnamjua, ni mtu mpole. Kamba ilikuwepo, jalala lilikuwepo, na hakuna aliyewahi kutuambia vingine. Wala mkeka mkuukuu haukukosekana nyumbani. Mama aliweka mitatu nyuma ya mlango.

Kaka, ukiitazama hii usinipigie kuniomba radhi. Nipigie unikumbushe Bobi alikuwa na rangi gani masikioni, maana nimejaribu njia nzima ya kurudi na imenitoka.

Nilisema nitawaonyesha mkeka. Hii hapa ndiyo nusu iliyobaki, Ayi kaniachia. Subirini nisogeze kamera. Mnaona ukingo huu? Hapa ndipo mkasi ulipopita.