Masta ya Usimamizi wa Ujenzi: Soma Ukiwa Saiti

Ndugu mwenyekiti, wahandisi, wakadiriaji majenzi, makandarasi, na ninyi vijana mliotoka chuoni juzi, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa ujenzi kwa njia ya mtandao. Swali lililowaleta wengi nalijua: masta ya mtandaoni inathaminika? Nitalifikia. Ila kwanza niseme langu: kwa kazi yetu hii, anayesoma kwa mtandao huku yuko saiti anafaidi kuliko aliyeacha kazi akaenda kukaa darasani mwaka mzima.

Chukueni mkataba wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotunga mikataba ya mfano ya ujenzi, kile Kitabu Chekundu cha 1999. Kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi anayedai muda au fedha za ziada atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, jambo lililomkwamisha. Zikipita, haki yake imekwenda. Toleo la 2017 limeyahamishia mambo haya kifungu cha 20.2, lakini siku ni zilezile 28. Darasani mtu anakikariri, anafaulu mtihani, basi. Sasa mfikirie aliyekisoma Jumanne usiku. Jumatano asubuhi anafika saiti, anakuta mvua ya masika imejaza maji kwenye mashimo ya msingi, kijiko cha kuchimbia kimezimwa, vibarua wamejibanza chini ya turubai wanakunywa chai. Anajua siku zimeanza kuhesabiwa. Anajua pia kwamba mkataba hautoi muda kwa sababu mvua imenyesha tu, unataka hali ya hewa mbaya isiyo ya kawaida, na masika Dar es Salaam yapo kila mwaka. Kwa hiyo anafungua daftari la saiti na kuandika: mvua imeanza saa ngapi, imekatika saa ngapi, kazi gani imesimama, mitambo gani imelala, watu wangapi hawakufanya kazi. Anatafuta takwimu za miaka ya nyuma kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa ili alinganishe. Kisha barua, ukurasa mmoja tu, inakwenda kwa mhandisi mshauri wiki hiyohiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na madai ya mkandarasi ni mali.

Hesabu za gharama ndiyo hivyohivyo. Mradi ni wa shilingi bilioni 10. Kufikia mwezi wa sita ratiba inasema kazi ya bilioni 4 iwe imekwisha. Iliyofanyika kweli ni ya bilioni 3, na fedha zilizotoka ni bilioni 3.5. Bosi anaona matumizi yako chini ya bilioni 4, anatabasamu. Anayesoma anagawa 3 kwa 3.5, anapata 0.857, yaani kila shilingi iliyotoka imeleta kazi ya senti 86 hivi, na anaona kwamba kwa mwendo huu mradi utaishia karibu bilioni 11.7. Tena umechelewa. Hesabu hiyo ya dakika mbili unaifanya kwa mradi wako mwenyewe, kesho yake unaipeleka kikaoni.

Sasa gharama ya muda, maana hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Masta ya Uingereza kwa kawaida ina krediti 180, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 10 za kusoma. Ni saa 1,800. Ukitaka kumaliza kwa miaka miwili, ni kama saa 17 kila wiki, Pasaka na Idi zikiwemo. Miaka mitatu, kama saa 12. Mtu mwenye zege la kumwaga Jumamosi na familia nyumbani, mimi ningemshauri mitatu. Ukimaliza mapema, hakuna atakayekulaumu.

Na saa za ukutani nazo muziangalie. Kipindi cha moja kwa moja cha saa moja jioni kule Arizona, hapa ni saa kumi na moja alfajiri. Uingereza ni nafuu, tofauti ni saa tatu, mbili wakati wa kiangazi chao. Mwisho wa Machi wanasogeza saa zao mbele, sisi hatusogezi, na kazi uliyozoea kuituma kabla ya saa tisa alasiri sasa inatakiwa kabla ya saa nane.

Tuje kwenye kuthaminika. Kusomea mbali si jambo la jana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992, na Uingereza kuna chuo cha taaluma za ardhi na majengo kilichoanza 1919 ambacho kimejijengea jina kwa elimu ya masafa. Heriot-Watt ya Scotland na Chuo Kikuu cha Florida wana masta za fani hii kwa mtandao. Lakini jina kubwa lisikulaze. Kabla hujatuma hata senti, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kuhusu utambuzi wa chuo na shahada yenyewe. Halafu angalia kama kozi ina ithibati ya CIOB au RICS, vyama vya kitaaluma vya Uingereza vya wajenzi na wakadiriaji, kwa sababu ndiyo inayokufungulia njia ya uanachama wa taaluma nje ya mipaka. Na tuelewane: masta hii haimgeuzi mhasibu kuwa mhandisi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi itakuuliza shahada yako ya kwanza ni ya nini.

Tasnifu, nitasema kidogo tu. Chagua mada ndani ya mradi unaofanyia kazi: hati za malipo zinazochelewa, kazi za ziada, ajali za kwenye jukwaa la ujenzi. Omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla hujagusa mafaili, maana bei za mkandarasi ni siri yake, na ruhusa ya mdomo huyeyuka bosi akibadilishwa.

Naona dada pale mstari wa pili amenyoosha mkono tangu nilipoitaja TCU. Tuanze na yeye. Karibu, dada.