Kocha Anaondoka, Aliyemchagua Anabaki

Ndugu wanachama, walimu wenzangu, na ninyi vijana wa kozi ya ukocha mliobanana pale dirishani, habari za mchana. Walionisikia mwaka jana watanivumilia, maana nimekuja na neno lilelile. Kila kibarua cha kocha kinapoota nyasi, tunauliza nani anakuja. Hatuulizi nani alimleta huyu anayeondoka. Nimelisema sana na bado sijapata jibu.

Majina mnayajua, lakini naomba tuyataje kwa mfululizo, kwa sababu yakija moja moja hayatushtui. Simba, Novemba 2019, Patrick Aussems anaondolewa. Ametoka kuwapa ubingwa na robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na timu iko kileleni mwa ligi. Anakuja Sven Vandenbroeck, anachukua ubingwa, Januari 2021 anaifunga FC Platinum 4-0 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, wiki hiyohiyo anaaga. Anakuja Didier Gomes, mpaka Oktoba pale Jwaneng Galaxy walipoinyoosha Simba 3-1 kwa Mkapa, uwanjani kwetu hapa Dar. Pablo Franco hakumaliza msimu. Zoran Maki alifika katikati ya 2022, Septemba hayupo. Juma Mgunda akashika timu. Robertinho akaingia Januari 2023, akatoka Novemba, siku mbili baada ya zile 5-1 za Yanga. Hesabuni kwa vidole. Miaka minne, makocha wakuu sita, na Mgunda wa saba.

Wabelgiji wawili, Mfaransa, Mhispania, Mserbia, Mbrazili. Mmoja anataka kumiliki mpira, mwingine anataka kushambulia kwa kushtukiza. Sasa klabu yenyewe inataka mpira gani? Aliyechagua watu hawa sita alikuwa anatafuta nini? Nimewauliza viongozi wa klabu nyingi, sio hiyo tu, na jibu ni lilelile: "Tunataka kocha mzoefu wa soka la Afrika." Hilo si jibu. Ukienda kwa fundi cherehani ukamwambia unataka nguo nzuri, atakushonea anachojua yeye, kisha utamgombeza kwamba haikukaa.

Nawaona wa Jangwani, ninyi wa Yanga, mnatabasamu. Ngojeni kidogo.

Kwanza niwaambie niliyoyaona kwa macho yangu. Niliwahi kuwa kocha msaidizi wa timu moja ya Ligi Kuu, jina nitaliacha. Msimu ule tulipitia makocha wakuu wanne. Mimi nilibaki, kwa sababu msaidizi mzawa ni kama nyasi za uwanja, kocha anakuja anazikuta na anaondoka anaziacha.

Tulikuwa na beki wa kushoto, kijana wa miaka 20, anakimbia dakika 90 bila kushika kiuno. Kocha wa kwanza alimwambia, mpira ukiwa kulia wewe panda mpaka kwenye mstari wao wa goli. Wa pili akamwambia, ukivuka nusu ya uwanja nakutoa. Wa tatu akaja na mabeki watatu wa kati, kijana akaachiwa upande mzima peke yake, na wiki chache baadaye tukarudi kwenye mabeki wanne. Kijana mtiifu, anaandika kila kitu kwenye daftari la shule, lile la kurasa 96. Siku moja alinionyesha. Ukurasa wa kushoto "panda", ukurasa wa kulia "usipande". Akaniuliza, "Mwalimu, nifute upi?"

Tukaenda kucheza ugenini. Dakika ya 70 na kitu, 0-0. Winga wao anaupata mpira. Kijana anaanza kumfuata, anasimama, anarudi hatua mbili, anasimama tena. Kisha akageuka kututazama benchini, viganja juu. Anauliza, katikati ya mechi! Alipogeuka tena winga alikuwa ameshapita, krosi ikapigwa, goli. Nimefundisha mpira miaka mingi na sijaona kitu kilichoniuma kama vile viganja.

Jumatatu saa moja asubuhi kocha wa tatu alikuwa uwanja wa mazoezi anapanga koni. Alipenda kuzipanga mwenyewe, anapima kwa hatua zake. Simu ikaita. Alisikiliza kama dakika moja, akasema "sawa", akarudi kuziokota moja moja na kuzipanga kwenye mfuko. Dereva wa basi alijua tangu usiku. Wachezaji wawili walijua. Mtunza vifaa alijua, ndiyo maana siku ile hakutoa mipira stoo. Jioni taarifa kwa umma ikasema mkataba umesitishwa kwa makubaliano ya pande mbili. Nilikuwepo pale. Hakuna aliyekubaliana na mtu.

Wa nne alipatikanaje? Hili ndilo nataka mlisikilize vizuri. Nilikuwa ndani ya chumba. Wasifu wake ulitumwa na wakala kwa WhatsApp, saa tano usiku, siku mbili baada ya lile goli. Kesho yake kamati ikakaa, watu watano. Maswali yalikuwa matatu: anataka mshahara kiasi gani, anakuja na wasaidizi wangapi, anaweza kufika kabla ya Jumamosi. Nikanyoosha mkono nikauliza timu zake zikipoteza mpira huwa zinafanya nini. Mwenyekiti wa kikao akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, hayo tutayaona akifika." Hao watano ndio waliomchagua wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wa nne alipoondoka, walikaa tena, watu walewale watano.

Haya, Jangwani sasa. Miguel Gamondi aliwapa ligi, akawapeleka robo fainali ya Afrika na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti tu. Novemba 2024 akafungwa na Azam 1-0, kisha Tabora United 3-1, mechi mbili zinazofuatana, na katikati ya mwezi akapewa "thank you" yake. Akaja Sead Ramovic. Tarehe 26 mwezi huohuo, hata majina ya wachezaji sidhani kama alikuwa ameyashika yote, akaingia kwa Mkapa kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Al Hilal ya Sudan. Akafungwa 2-0.

Sasa tazameni Al Hilal ilikuwa katika hali gani. Nchi yao ilikuwa vitani. Uwanja wa nyumbani hawakuwa nao. Mechi zao za nyumbani walikuwa wanachezea Nouakchott, na msimu ule walikuwa wamepokewa kwenye ligi ya Mauritania ili tu wapate mechi za kucheza. Walichokuwa nacho ni Florent Ibenge, Mkongomani, ambaye walikuwa wamekaa naye tangu 2022. Msimu wa tatu. Wachezaji wake hawakugeuka kutazama benchi. Mimi nilikuwa jukwaani siku ile na nilikuwa nawatazama mabeki wao wa pembeni kuliko nilivyotazama mpira.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mbona Yanga walibeba ubingwa msimu huohuo? Ni kweli. Ramovic mwenyewe aliondoka Februari 2025, akaja Miloud Hamdi, na ligi wakachukua. Makocha watatu, ubingwa mmoja wa ligi. Lakini hilo linanisaidia mimi, ndugu yangu. Kikosi kilikuwa bora kuliko vya wenzao, ligi wangeichukua. Afrika, ambako kikosi peke yake hakitoshi, waliishia makundi. Mwaka mmoja kabla walikuwa robo fainali.

Tena Yanga ndio wanaonipa ushahidi mzuri zaidi. Oktoba 2022 Nasreddine Nabi alitolewa Ligi ya Mabingwa na haohao Al Hilal wa Ibenge. Akashushwa Kombe la Shirikisho, lile la pili la klabu za Afrika, akatoka suluhu na Club Africain hapa Dar. Mnakumbuka kelele zile? Redio asubuhi, redio jioni, Nabi aondoke. Uongozi ukamwacha. Akaenda Tunis akashinda 1-0, bao la Aziz Ki, na Juni 2023 klabu ile ilikuwa imecheza fainali ya Afrika na kuikosa kwa sheria ya bao la ugenini. Kama wangewasikiliza waliopiga simu redioni, hakuna Tunis na hakuna fainali.

Mwingine atanitajia Ivory Coast. Kila mhadhara kuna wa Ivory Coast! Atasema Januari 2024, wenyeji wa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, wamefungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, kocha Jean-Louis Gasset akaondolewa katikati ya mashindano, na kombe wakabeba. Vizuri. Lakini shirikisho lao lilijaribu kwanza kumwazima Hervé Renard kutoka Ufaransa, wakakataliwa. Ndipo timu ikabaki kwa Emerse Faé, aliyekuwa msaidizi wa Gasset. Mtu aliyekuwa ndani, anayemjua kila mchezaji analala saa ngapi. Na hata kufika mtoano walisubiri Morocco imfunge Zambia. Ukinitajia Ivory Coast, nami nitakuuliza msaidizi wako uliye naye leo, umewahi hata kumuuliza anaonaje timu?

Naoneshwa saa. Nilikuwa na mambo mengine matatu, nitayapitisha haraka.

La wazawa. Mgunda aliitwa Septemba 2022, akaipeleka Simba makundi kwa kushinda mechi zote nne, Nyasa Big Bullets na Primeiro de Agosto, na Januari akaletwa Robertinho. Aprili 2024 moto ulipowaka tena, aliitwa yeye. Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco, aliiongoza Taifa Stars kufuzu AFCON 2025, na mwezi mmoja na kitu kabla ya mashindano timu akakabidhiwa Gamondi. Sisemi Gamondi alifanya vibaya, alivuka makundi, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulifanya. Nasema kuna watu tunawaita kuzima moto tu, na kesi yao inahitaji mchana mzima.

La mikataba. Kenya walimfukuza Adel Amrouche mwaka 2014, na kesi ikaja kuwagharimu zaidi ya dola milioni 1, pesa ya shirikisho. Ninyi wanachama mnaochangia, mkisikia kocha amevunjiwa mkataba, ulizeni uliobaki ni wa miezi mingapi na unalipwa na nani.

La mkurugenzi wa ufundi nitaliacha, halitoshi kwa dakika mbili.

Ninachowaomba kiko hivi. Mkutano mkuu wenu unakuja. Siku ile mkipewa nafasi ya kuuliza, msiulize kuhusu usajili wa mshambuliaji. Ombeni kumbukumbu ya kikao kilichomchagua kocha mliye naye: tarehe, majina ya waliokuwemo, na maswali waliyomuuliza. Karatasi moja tu. Nami nikipata mwaliko wa mwakani, nitaanza kwa kuwauliza mlioipata mnyooshe mikono.

Yule kijana wa beki ya kushoto, kwa kuwa huwa mnaniuliza, alitolewa dirisha dogo la usajili. Sababu iliyoandikwa ni kwamba hafuati maelekezo ya mwalimu. Daftari aliniachia, hili hapa, mwenye kutaka kuliona apite mbele. Haya, nimeuona mkono kule nyuma tangu nilipotaja Tabora. Karibu, ndugu yangu.