Kompresa Inayovuma Bila Kuanza: Mhadhara kwa Mafundi wa Friji, Busia

Ndugu zangu mafundi, dada zangu, nanyi vijana mnaojifunza kazi, hamjambo. Nashukuru mmeacha meza zenu siku ya soko tukae pamoja. Nataka tuzungumzie hali moja tu, maana inawatoa wateja wetu pesa ambazo hawakupaswa kuzitoa. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya friji, inapewa umeme, inavuma, sekunde chache baadaye inasikika "ta!", kimya. Baada ya dakika mbili tatu inarudia yale yale. Fundi anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema, "Mama, kompresa imekufa." Na mama huyo anauza samaki wa Majanji, kule Ziwa Victoria, friji ndiyo duka lake. Anakopa, ananunua kompresa nyingine, na mara nyingi ile iliyotolewa ilikuwa nzima.

Mlio ule hauna maana kwamba kompresa imekufa. Maana yake mota imejaribu kuzunguka ikashindwa, na ovalodi, kinga inayokata umeme mota ikizidiwa, imekata umeme ili isiungue. Imeshindwa kwa nini? Hapo sikio halitoshi, inatakiwa mita ya kupimia umeme.

Mota ya kompresa ya friji ya nyumbani ina koili mbili, ya kuendeshea na ya kuanzishia. Koili ya kuendeshea peke yake haiwezi kuiondoa mota pale iliposimama, itavuma tu. Inahitaji msukumo wa koili ya pili kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde moja au hivi, kisha rilei, swichi ndogo inayojiendesha, inaitoa ile ya kuanzishia. Kwa hiyo kompresa inayovuma bila kuzunguka ina maswali matatu ya kujibiwa: je, msukumo ule umefika? Umefika na nguvu ya kutosha? Na kuna kitu ndani kinachoizuia?

Wengi mnakimbilia rilei, na si vibaya, kwa kuwa ni rahisi na huharibika kweli. Friji nyingi mnazozifungua zina rilei ya PTC, ile yenye kidonge ndani. Ikiwa baridi, kidonge kinapitisha umeme vizuri. Mita itaonyesha ukinzani wa omu chache, kumi, ishirini, au thelathini hivi kutegemea aina. Kikipata moto ukinzani wake unapanda hadi maelfu ya omu, na koili ya kuanzishia inakuwa kama imekatwa. Ichomoe, itikise sikioni. Ikilia kama kokoto, kidonge kimevunjika. Inuse. Halafu ipime ikiwa imepoa, maana ukiipima ya moto utaitupa bure.

Hapohapo ndipo penye jambo linalotusumbua kuliko yote huku kwetu: umeme unaokatika na kurudi papo hapo. Kidonge cha PTC kinahitaji kama dakika tano kupoa. Gesi nayo inahitaji dakika kadhaa kupita kwenye kapilari, lile bomba jembamba, mpaka presha ya pande zote mbili ilingane, na kompresa za aina hii hazikutengenezwa kuanza huku presha ya upande mmoja bado iko juu. Umeme ukikatika kwa sekunde kumi ukarudi, mota haina msukumo, na mbele yake kuna presha. Itavuma, ovalodi itakata. Hiyo si hitilafu ya kompresa hata kidogo. Mteja akikwambia, "Ilianza kufanya hivi usiku umeme ulipokuwa unachezacheza," chomoa plagi, subiri dakika kumi, jaribu tena. Ikianza, muuzie kifaa cha kuchelewesha umeme, kile chenye taa kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu. Ni nafuu mno kuliko kompresa.

Sasa nguvu ya umeme. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo tunapokosea wengi. Fundi anapima soketi, anaona volti 230, anaridhika. Lakini soketi hiyo umeipima haijabeba kitu! Kompresa inapoanza inavuta ampia mara kadhaa ya zile inazotumia ikiwa inazunguka. Friji inayotumia ampia moja inaweza kuvuta sita, nane au zaidi wakati wa kuanza. Waya mwembamba hauwezi. Kuna duka moja la maziwa nilikoitwa, na soketi ilisoma vizuri kabisa. Niliunganisha mita kwenye nyaya zinazoingia kompresa umeme ukiwa umezimwa, nikarudisha kifuniko, nikamwambia kijana awashe. Ilipovuma tu, mita ikaporomoka hadi 170. Tukaufuata waya: ekstensheni nyembamba imepita chini ya shelfu, imeunganishwa kwa kusokota katikati, na pale kwenye muungano plastiki imegeuka rangi ya chai. Tukaweka waya mnene kutoka kwenye soketi yenyewe, kompresa ikaanza mara moja.

Kwa nini 170 isitoshe? Kwa sababu nguvu ya mota kuanza haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa kipeo cha pili, yaani volti mara volti. Ukitoka 240 kwenda 170 hujapoteza hata theluthi ya volti, lakini nguvu ya kuanzia imebaki nusu. Kwa hiyo pimeni volti pale kompresa ilipo, na wakati ule ule inapojaribu. Namba ya soketi iliyopumzika haitusaidii.

Njoni sasa kwenye pini za kompresa, zile zinazopokea umeme. Zima, chomoa plagi, toa rilei na ovalodi. Kama kuna kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, iondoe chaji kwa rezista, usiiguse kwa bisibisi. Pini ni tatu. Pima mbili mbili. Tuseme umepata omu 12, omu 20 na omu 32. Pini mbili zilizokupa 32 ni ya kuendeshea na ya kuanzishia. Iliyobaki ndiyo ya pamoja. Kutoka ile ya pamoja, 12 ni koili ya kuendeshea, 20 ni ya kuanzishia. Na 12 na 20 ni 32: hesabu imekubali, koili zimeungana vizuri. Isipokubali, jiulize. Kisha pima kila pini na bodi ya kompresa, baada ya kukwangua rangi kidogo ufikie chuma. Pakisoma omu chache hapo, umeme unavuja kwenye bodi, kompresa hiyo usiirudishe kazini, inaweza kumuua mtu.

Kuna mtego mmoja. Baadhi ya kompresa zina ovalodi ndani. Zikiwa za moto, pini ya pamoja haisomi na yeyote, lakini zile nyingine mbili zinasomana. Usiseme koili imekatika. Iache ipoe, hata saa moja au zaidi, upime tena.

Ikiwa volti zinatosha, rilei ni nzima na inaendana na kompresa hiyo, koili zimekubali, presha imelingana, na bado inavuma tu, hapo ndipo naruhusu neno kukwama. Pampu imeshikana ndani. Wengine wanaongeza kapasita kubwa ili kuisukuma kwa nguvu. Pengine itaanza, lakini mwambieni mteja ukweli kwamba ni ya muda, asije akajaza friji samaki wa wiki nzima.

Mawili ya haraka. Friji mpya zenye kompresa ya inveta: pini tatu zote zinasoma karibu sawa, na inaendeshwa na bodi ya elektroniki. Usiiunganishe moja kwa moja na umeme wa ukutani, utaiua ikiwa nzima.

Pili, someni kibandiko kabla ya kugusa chochote. Kikisema R600a, gesi hiyo inawaka. Fungueni milango na madirisha, msiwashe moto wa kuchomelea kabla mfumo haujaondolewa gesi, na kompresa yoyote ile msiipe umeme huku kifuniko cha pini kiko mezani, kwa sababu pini ikifyatuka, mafuta na gesi vinaruka pamoja na cheche usoni mwako. Vijana, hili nawaomba kama baba yenu.

Kwenye meza ile pana kompresa nne, zote zimeletwa na watu walioambiwa zimekufa. Chukueni mita, mpime pini na rilei, kila kikundi kiandike namba zake kwenye karatasi kabla ya kusema lolote. Tukimaliza tutazipa umeme.