Acheni Asidi Kwanza

Leo tunasafisha pepsinojeni, yaani pepsini iliyolala bado, kutoka tumbo la binadamu, na tena naanza na asidi. Naona wa mwaka wa tatu mnachekeana. Chekeni tu, maana ni nyinyi mnaoniletea chupa ambazo protini yake imeshaharibika.

Kipande cha utando wa tumbo kikitoka chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa ameshatoa ridhaa, kinaingia kwenye barafu papo hapo. Unakwangua ute, unakatakata, unasaga ndani ya bafa baridi, yaani kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi kisibadilike, ya pH 7 hivi, si asidi wala alkali. Hapo ndipo mtu hunyoosha mkono: "Mwalimu, tumbo si lina asidi? Tusisagie humohumo?" Lina asidi, bwana, ila iko kwenye uwazi wa tumbo, si ndani ya seli. Ndani ya seli kuna pepsinojeni, ambayo imezibwa na kipande cha mnyororo wake yenyewe. Shusha pH chini ya 5, yaani ongeza asidi: kipande kinakatwa, pepsini, kimeng'enya kinachomeng'enya protini, inaamka, inatafuna kila protini iliyo karibu, pepsini wenzake wakiwemo. Sasa utasafisha nini? Makombo?

Langley na Edkins waliandika haya mwaka 1886, kolamu, ile mirija ya kutenganishia protini, hata hazijabuniwa. Walitia sodiamu kaboneti, ambayo ni alkali, kwenye dondoo ya utando wa tumbo la mnyama. Pepsini iliyokwisha kuamka ikaharibika upesi mno. Pepsinojeni ikastahimili, na ilipotiwa asidi baadaye ikafanya kazi yake vizuri tu.

Na msiniletee habari za mwanakemia Northrop, eti alipata fuwele za pepsini mwaka 1930 kwa kutumia asidi. Kweli alipata. Lakini alianza na unga wa kiwandani wa pepsini ya nguruwe, tena kwa wingi. Wewe una kipande kisichojaza kijiko!

Haya, muda unanikimbia. Tia amonia salfeti, chumvi ya kuitenga protini na maji, kisha pitisha kwenye kolamu ya DEAE-selulosi, inayonasa protini zenye chaji hasi: kati ya aina mbili za pepsinojeni, C inatangulia kutoka, A inang'ang'ania mpaka uongeze chumvi. C ikiamka ndiyo gastrisini, ndugu yake pepsini, aliyoitenga mtafiti Tang kwenye juisi ya tumbo la binadamu mwaka 1959. Namna ya kupima nguvu ya pepsini kwa kuipa hemoglobini iimeng'enye mnayo kwenye karatasi, someni wenyewe.

Ila kila hatua gawa sampuli mbili. Moja ipime moja kwa moja kwenye asidi. Nyingine ipandishe kwanza hadi pH 8 na kidogo, iache, ndipo uitie asidi. Nguvu ya ya pili ikiwa ndogo sana kuliko ya kwanza, pepsini imeshaamka humo. Kolamu usiiguse; rudi ukaangalie bafa yako.